Kaunta Buku ya Sekretari: Kisa cha Tovuti ya Shule Moja ya Moshi

Kazi hii ya kuitengenezea shule tovuti mpya ilianza na kesi ya kubeti. Mhasibu wa shule moja ya sekondari ya bweni, upande wa juu wa Moshi kuelekea Kibosho, alipigiwa simu na mzazi wa Dar es Salaam aliyeuliza kwa ukali kama siku hizi shule inaendesha michezo ya kubahatisha. Mzazi huyo alikuwa amefungua anwani iliyochapwa chini ya barua ya shule, akakutana na magurudumu ya kasino na maandishi ya lugha asiyoijua. Barua zenye anwani hiyo zilikuwa zimeshachapwa rimu nzima, ziko kabatini zinasubiri wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa ya shule, bila kuitaja. Makosa yaliyomo humu nimeyakuta kwenye shule nyingine na kwenye vikundi vya kijamii vya huku kwetu, na moja kubwa ni langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma kijana wa kujitolea kutoka Ulaya, mmoja wa wale wanaoijaza Moshi kila mwaka kabla au baada ya kupanda Kilimanjaro, alikaa shuleni hapo miezi michache akawatengenezea tovuti. Alifanya kwa moyo mweupe, tena bure. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, la .com, alilisajili yeye, kwa barua pepe yake na kadi yake ya benki. Alipoondoka aliacha paswedi kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la mtaaluma. Kumbe paswedi ile ilikuwa ya kuandikia kurasa tu. Umiliki wa jina alipanda nao ndege.

Kadi yake ilipoisha muda, malipo ya mwaka yaligoma. Maonyo ya msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, yakawa yanakwenda kwenye barua pepe ambayo yeye mwenyewe alishaiacha. Jina la .com likipitiliza tarehe yake halipotei siku hiyohiyo: kwa kawaida msajili huacha nafasi ya kulipa, kisha zinafuata siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, ndipo linaachiliwa sokoni. Muda wote huo ulipita na hakuna mtu wa Moshi aliyejua. Majina ya namna hii yana wawindaji wake. Jina lililokaa miaka kwenye Google, lililotajwa na parokia na marafiki wa shule huko nje, lina thamani kwa mtu wa kasino kuliko jina jipya.

Kwa hiyo tulianza na jina kabla ya kugusa sura. Tulichukua la .sc.tz, ambalo kwenye kikoa cha Tanzania limetengwa kwa ajili ya shule, kama .or.tz lilivyotengwa kwa asasi zisizo za kibiashara, na tukalisajili kupitia mmoja wa wasajili wanaotambuliwa na tzNIC, wasimamizi wa majina ya .tz. Mmiliki ni shule. Barua pepe ni ya ofisi, na inasomwa na watu wawili. Tarehe ya kulipia iko kwenye kalenda ya mhasibu.

"Kumbe hili nalo linalipiwa kila mwaka, kama bima ya gari?" aliniuliza.

"Ndivyo, mama."

Tangu siku ile anaiita "bima ya jina", na kwenye vitabu vyake imeandikwa hivyohivyo. Mimi naona ni istilahi bora kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye fani hii.

Kilichokuwa kwenye tovuti ya zamani

Ili kujua shule ilikuwa na nini, nilifungua hifadhi ya Internet Archive, wale wanaotunza nakala za kurasa za mtandao tangu 1996. Tovuti ya yule kijana ilikuwa bado imo, karibu yote. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na kitufe kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha kuchangia pesa. Mzazi wa Uru au wa Himo hakuwa na lake pale, kwa sababu aliyekusudiwa ni mtu aliye Ulaya, ameketi na kadi yake mkononi. Hilo si dhambi. Bwalo la shule lilijengwa kwa michango iliyopita njia hiyo. Lakini kila uamuzi wa usanifu, kuanzia lugha hadi rangi, ulimfuata msomaji huyo mmoja.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa wanafunzi. Picha za watoto kumi na kitu, kila mmoja na jina lake la kwanza, kijiji chake, na aya moja ya dhiki ya nyumbani kwao. Chini ya picha ya binti mmoja iliandikwa kwamba baba yake ni mlevi na mama yake amekimbia.

Nilimgeuzia mkuu wa shule kompyuta. Alisoma, akavua miwani, akasema binti huyo sasa yuko chuo kikuu. Akaifunga kompyuta yangu kwa mkono wake, polepole, kama mtu anayefunika sufuria.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukurasa ule ulitangulia sheria hiyo, lakini sidhani kama binti anayejisoma pale atajali nani alitangulia nani. Tumeiandikia hifadhi kuomba ukurasa huo uondolewe. Kwa tovuti mpya tulikubaliana hivi: picha za darasa zima, za bwalo na za kiwanja zinaruhusiwa, sura ya mtoto mmoja inataka karatasi iliyosainiwa na mzazi, na jina halikai kamwe pamoja na sura. Mwalimu wa michezo alilalamika kwamba mabingwa wake wa riadha hawatajulikana. Alilalamika kweli, na sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Kikao, na simu iliyokuwa ikilia

Kikao cha kwanza na wajumbe wa bodi kilikuwa kama vikao vyote vya kazi hizi. Walitaka picha kubwa zinazopishana ukurasa wa mbele. Walitaka ujumbe wa mkuu wa shule, dira na dhamira, wimbo wa shule ujipige wenyewe mtu akifungua. Mzee mmoja alitaka iandikwe kwa herufi kubwa nafasi ambayo shule ilishika kimkoa mwaka mmoja wa zamani. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na kwamba nafasi ya miaka ile inamfanya mzazi ajiulize kimetokea nini baadaye. Alicheka, akasema, "Basi kijana, umeshinda. Ila wimbo ubaki." (Wimbo haukubaki. Nilimwambia unakula bando la mzazi, naye akainua mikono.)

Muda wote huo, chumba cha pili, simu ya ofisi ilikuwa inalia. Sekretari anapokea, anaeleza, anakata, inalia tena. Mara ya tatu au ya nne nilianza kusikiliza upande ule kuliko upande wa kikao. Alikuwa anarudia maneno yaleyale: "Hapana baba, hiyo ni ada ya mwaka jana... eeh, hiyo karatasi ni ya zamani... ngoja nikusomee."

Wazo la kaunta buku lilitoka kwake. Nilipomuuliza watu wanauliza nini, alisema hawezi kukumbuka yote, ila akipewa daftari ataandika. Mhasibu akampa kaunta buku ya kwaya mbili. Kwa wiki mbili za kabla ya shule kufunguliwa, sekretari aliandika kila simu: nani kapiga, mzazi, mlezi au mtu wa nje, na ameuliza nini, kwa maneno ya mpigaji mwenyewe. Hilo la mwisho nililisisitiza mpaka nikawa kero.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo tovuti ilipotengenezwa hasa. Yaliyofuata yalikuwa ufundi tu.

Kurasa zilizojaa zilikuwa na maswali machache yanayorudi kama kibwagizo. Ada ni kiasi gani, na awamu ya kwanza inatosha kumpokelea mtoto? Nalipia wapi? Mtoto anatakiwa kuripoti lini, na mwisho saa ngapi? Aje na nini? Nikishuka stendi ya Moshi napanda gari gani? Fomu naipata wapi? Yakafuata ya siku za katikati ya muhula: siku ya kutembelea watoto, mtoto anaumwa, naomba kuongea na mtoto. Dira haikuulizwa hata mara moja. Dhamira pia.

Yaliyonifundisha zaidi ni maneno. Sisi tungeandika "Udahili". Wapigaji walisema "kujiunga" au "nafasi ya fomu wani". Sisi tungeandika "Muundo wa Ada"; wao walisema "ada ni shilingi ngapi". Kwenye tovuti mpya kichwa cha ukurasa kinasema "Ada ni kiasi gani na unalipia wapi". Mwalimu wa Kiswahili aliona hakina heshima. Nilimwonyesha kaunta buku, akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Karatasi inayotembea

Swali la ada lilikuwa na ugonjwa wake. Watu walikuwa wanauliza hata baada ya kutumiwa jibu, na chanzo kilikuwa faili la PDF. Kila mwaka shule ilichapa mchanganuo wa ada, ikaupiga mhuri, ikauskani na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi mmoja anamtumia shemeji yake, shemeji anatuma kwenye kundi la ukoo, na miaka miwili baadaye karatasi ileile bado inazunguka na mhuri wake wa bluu, ikionekana halali kabisa. Faili moja lililomfikia sekretari lilikuwa na jina lenye "mpya" na "final2" ndani yake. Lilikuwa la zamani kuliko yote.

PDF ikishatoka mkononi mwako hairudi. Ukurasa unabaki kwako. Ukibadilisha tarakimu asubuhi, kila mwenye kiungo anaiona mpya, hata aliyetumiwa kiungo hicho mwaka juzi. Kwa hiyo tuliweka anwani fupi, jina la shule kisha mkwaju (/) kisha neno "ada", na tukaapa kutoibadilisha mwaka hata mwaka. Juu kabisa ya ukurasa iko tarehe iliyohaririwa mara ya mwisho. Anayetaka karatasi ya kupeleka kwa mfadhili au mwajiri anaipata chini, na karatasi hiyo nayo ina anwani ya ukurasa na mwaka wa masomo kwa herufi nene. WhatsApp tumeiacha ifanye kazi yake ya kusambaza, ila sasa inasambaza kiungo. Nilihakikisha pia kile kisanduku kinachojitokeza ukibandika kiungo kina jina la shule na nembo, maana kiungo kitupu siku hizi watu wanakiogopa, na wana haki.

Hofu hiyo ndiyo iliyoleta mjadala mrefu kuliko wote, wa namba ya akaunti. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wazazi wa bweni wana toleo lao baya zaidi: mtu anapiga, anajiita mwalimu, anasema mtoto ameanguka na zinahitajika hela za hospitali sasa hivi. Mhasibu hakutaka namba ya akaunti iwekwe kwenye tovuti. Alisema mwizi akiingia akabadilisha tarakimu mbili tu, wazazi wote watamlipa mwizi. Alikuwa sahihi, na mafundi wengi, mimi nikiwemo, hatuwazi hivyo tunapobandika namba za malipo.

Tulifikia hapa. Namba ipo, kwa sababu kuificha kunamwachia tapeli uwanja. Ila ukurasa wa ada unaweza kuhaririwa na watu wawili tu, wote kwa uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pamoja na tarakimu zinazotokea kwenye simu. Namba hiyohiyo imechapwa kwenye fomu ya kujiunga na kuandikwa kwenye ubao wa getini, na ukurasa unamwambia mzazi alinganishe. Kisha sentensi moja kwenye kisanduku chekundu: shule haibadilishi akaunti kwa SMS wala kwa simu, na haiombi hela ya matibabu kwa namba binafsi. Sentensi hiyo aliiandika mhasibu. Sikuigusa hata nukta.

Uzito

Mafaili ya tovuti ya zamani niliyakuta kwenye kompyuta ya ofisi. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha sita kama zilivyotoka kwenye kamera, jumla megabaiti 27. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwenye mtandao unaokupa megabiti moja kwa sekunde, jambo la kawaida ukishaingia kwenye migomba, picha hizo zinataka sekunde 216, zaidi ya dakika tatu na nusu. Mzazi hasubiri. Anapiga simu.

Picha ya simu ya leo huwa na upana wa pikseli, yaani vidoti vya picha, 4,000 hivi, na kioo cha simu ya bei nafuu kina 720. Tofauti yote hiyo ni bando la mzazi linalomwagwa. Tulibakiza picha moja ya mbele, pikseli 1,000, kwa mfumo wa WebP unaobana picha, ikashuka chini ya kilobaiti 100. Ukurasa mzima wa mbele tuliubana usizidi kilobaiti 300, yaani kama sekunde mbili na nusu kwenye mtandao uleule.

Rangi za shule ni kijani na njano, na bodi ilitaka vichwa vya habari vya njano juu ya nyeupe. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya kurasa za mtandao, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma. Njano kamili juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Sikuwaeleza hesabu hiyo. Niliwatoa nje saa saba mchana, jua la Moshi likiwa utosini, nikawapa simu wasome. Njano ikahamia kwenye mstari mwembamba chini ya nembo.

Kosa langu

Toleo la kwanza nililiandika kwa mkono, HTML tupu, yaani lugha ya msimbo wa kurasa, kurasa sita. Ilikuwa inafunguka kama umeme na nilijivuna nayo sana. WordPress, programu ya kuhariria tovuti bila kuandika msimbo, niliikataa. Nilisema inahitaji masasisho kila mara, kila programu-jalizi, yaani kiongezo kinachochomekwa juu yake, ni mlango mwingine wa mwizi, na shule haina fundi.

Muhula ulipokaribia, tarehe ya kuripoti ikasogezwa. Sekretari akanipigia nibadilishe. Nilikuwa Rombo msibani, kompyuta iko nyumbani. Siku mbili nzima ukurasa wangu wenye kasi ya umeme ulikuwa unawadanganya wazazi kwa kasi ya umeme. Baba mmoja alimleta mtoto kutoka Same akakuta geti limefungwa. Sekretari hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ungenipa mimi ufunguo."

Alikuwa anahariri barua kwenye kompyuta kila siku kwa miaka mingi, na sikuwahi kumuuliza kama anaweza. Nilihamishia kila kitu kwenye WordPress, na programu-jalizi tatu tu, masasisho yakijiendesha yenyewe, nakala ya akiba kila usiku. Kasi ilipungua kidogo. Nilimfundisha sekretari kwa saa mbili na kumwandikia hatua kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku ileile, kwa Kiswahili, na michoro ya vitufe. Kila programu ina mahali pake, na HTML tupu bado naipenda, lakini kwa shule swali la kwanza sasa naliweka hivi: tarehe ikibadilika Ijumaa jioni, nani ataishika?

Kabla ya kuizindua upya nilikwenda soko la Mbuyuni Jumamosi nikawaomba watu watano, akina mama watatu wa ndizi, wakala wa pesa na konda wa Hiace, watafute kwa simu zao siku ya kuripoti. Niliwarushia vocha. Hakuna kati ya akina mama aliyejua kwamba vile vijistari vitatu vya kona ya juu ni mlango. Mmoja alidhani simu imekwaruzwa. Nikaviondoa, nikaweka maswali yenyewe ukurasa wa mbele, moja chini ya jingine, kila moja la kubonyezwa kwa kidole kinene. Konda naye alinirekebishia maelekezo: nilikuwa nimetaja kituo kwa jina lake la kwenye ramani, na yeye akasema hapo abiria wakitaja jina hilo hakuna Hiace itakayosimama.

Wafadhili hawakusahauliwa. Wana ukurasa mmoja wa Kiingereza, wenye hesabu za bwalo na picha za paa likiezekwa. Hauna mtoto hata mmoja.

Kaunta buku bado ipo mezani kwa sekretari. Swali likirudi mara tatu, analiingiza kwenye tovuti mwenyewe. Januari nilipopita kumsalimu alikuwa kwenye simu, bega limeshikilia chombo, mikono kwenye kibodi, anahariri orodha ya vifaa huku mpigaji bado anaongea. Alikuwa anafuta "godoro 2.5 x 6" na kuandika "godoro la futi mbili na nusu kwa futi sita". Alipokata simu akanieleza: yule baba alisoma tarakimu zile vibaya, akanunua la futi mbili kwa tano, na mtoto wake ni mrefu.